Mimi HKL, Hesabu Siziwezi: Kisingizio Kinachotugharimu

Kama umesoma shule za hapa kwetu, sentensi hii unaijua: "Mimi HKL bwana, mambo ya namba waachie PCM." Tunaisema tukicheka. Tunaisema chuoni, tunaisema kazini, na wengine tunaendelea kuisema tukiwa na shahada ukutani. Mtu akipangiwa mchepuo wa sanaa baada ya kidato cha nne, anaiaga hisabati kama vile ametoka kifungoni. Miaka sita baadaye ni mwandishi wa habari, mwanasheria, ofisa utumishi au ofisa wa asasi fulani, na kazi yote iliyo mbele yake ni namba tupu: bajeti, sensa, matokeo ya mitihani, bei za vyakula, mikopo.

Mimi nasema hiki ni kisingizio, na kinatugharimu. Hoja yangu leo ni ndogo tu. Nadhani kila msomi kijana anayeandika au kusema mbele ya umma anapaswa kuweza kuandika skripti ya mistari kumi: ya kusoma jedwali na kuchora chati, au ya kutafuta neno ndani ya waraka wa kurasa mia nne. Sisemi tuwe wahandisi wa kompyuta. Nasema tuweze kuhesabu wenyewe, kwa sababu asiyehesabu huhesabiwa, halafu analetewa jibu na mtu mwenye sababu zake.

Angalia namba zinavyofika kwenye chumba cha habari. Ofisi fulani inaita waandishi. Mnagawiwa taarifa ya kurasa mbili na chupa ya maji. Ndani yake kuna asilimia tatu nne zilizochaguliwa vizuri: hiki kimepanda kwa asilimia 40, kile kimeshuka kwa asilimia 15. Kimepanda kutoka wapi? Tangu mwaka gani? Mikoa mingine ikoje? Jedwali zima mara nyingi lipo, limewekwa kwenye tovuti na yeyote anaweza kulipakua. Lakini saa kumi na moja mhariri anataka habari, kwa hiyo asilimia zilezile zinaingia gazetini kama zilivyotoka, na kesho yake magazeti matano yana habari moja. Hapo tumefanya kazi ya tarishi, si ya mwandishi.

Sasa tuje kwenye skripti yenyewe, maana jina linatisha kuliko kitu. Skripti ni maagizo machache unayoiandikia kompyuta kwenye faili la kawaida. Inayasoma kutoka juu kwenda chini na kuyafuata bila kuchoka. Lugha inayowafaa wengi wanaoanza inaitwa Python. Aliibuni Mholanzi, Guido van Rossum, akaitoa kwa umma mwaka 1991, na jina halitokani na chatu bali na kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Ni ya bure. Zana yake maarufu ya kuchorea chati, matplotlib, nayo ni ya bure. Aliianzisha John Hunter, mtafiti wa mambo ya ubongo, kwa sababu alihitaji kuona data za wagonjwa wake kwenye kioo. Yaani hata huyo alianza kama mtu mwenye shida yake, akatengeneza kitu cha kuitatua.

Tuchukue mfano ambao kila mtu anaweza kuurudia. Sensa za Tanzania tangu Muungano ni sita, nazo zilihesabu watu hivi: mwaka 1967, watu 12,313,469. Mwaka 1978, 17,512,610. Mwaka 1988, kama milioni 23.1. Mwaka 2002, kama milioni 34.4. Mwaka 2012, 44,928,923. Mwaka 2022, 61,741,120. Ukizisoma hivyo unaona namba zinapanda, basi, unapiga miayo. Iagize kompyuta itoe ya 2012 kwenye ya 2022, utapata 16,812,197. Sasa rudi juu uangalie ya 1967. Ongezeko la miaka kumi tu ni kubwa kuliko watu wote waliokuwapo nchini mwaka 1967! Hiyo ni habari. Ina maana ya madarasa, vitanda vya hospitali na ajira, na haihitaji mtaalamu kutoka nje kuja kutusimulia.

Ukichora chati ya namba hizo utajifunza jambo la pili. Sensa hazikufanyika kwa nafasi sawa. Kati ya 1967 na 1978 ni miaka 11, kisha 10, kisha 14 hadi 2002, kisha 10 na 10. Ukipanga nguzo sita zilizoachana sawasawa, kama wengi wanavyofanya, kipindi cha 1988 hadi 2002 kitaonekana kimeruka ghafla, kumbe kilikuwa kirefu tu kuliko vingine. Ukiiambia skripti iweke miaka kwenye mstari wa chini kama namba, mteremko unakaa sawa. Mtu aliyewahi kuchora mwenyewe hadanganyiki kirahisi na chati ya mwenzake. Ataangalia kwanza mstari wa chini, kisha ataangalia kama ule wa pembeni umeanzia sifuri.

Haya, tushuke mkoani. Dar es Salaam mwaka 2012 ilikuwa na watu 4,364,541, na mwaka 2022 watu 5,383,728. Watu milioni moja na ushee wameongezeka, kila mmoja wetu atasema jiji limefurika. Lakini piga hesabu ya asilimia: Dar imekua kwa takriban asilimia 23, wakati nchi nzima imekua kwa asilimia 37. Yaani sehemu ya Watanzania wanaoishi Dar imepungua, kutoka kama asilimia 9.7 hadi 8.7. Tumezoea kuandika kwamba kila mtu anakimbilia Dar. Sasa tazama jirani, Mkoa wa Pwani: kutoka 1,098,668 hadi 2,024,947. Hiyo ni asilimia 84 kwa miaka kumi!

Kwa nini? Skripti haijui. Inawezekana watu wa Dar wamevuka mpaka kufuata viwanja vya bei nafuu Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, huku kazi zao zikibaki Kariakoo na Posta. Inawezekana ni viwanda. Inawezekana yote mawili na mengine tusiyoyafikiria. Kujua hilo kunahitaji kupanda daladala kwenda Mkuranga na kuuliza watu walihamia lini, kutoka wapi, na wanaamka saa ngapi kuwahi kazini. Wanaosema namba zitaua uandishi wa miguu hawajazitumia. Mistari kumi imekuonyesha pa kwenda, na imefanya hivyo kabla hujaitwa kwenye warsha yoyote.

Wenzetu walianza zamani. Mwaka huohuo wa 1967 tulipofanya sensa yetu ya kwanza baada ya Muungano, jiji la Detroit, Marekani, liliwaka ghasia. Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba wenye kufanya fujo ni wale wa chini kabisa, wasio na elimu. Mwandishi mmoja, Philip Meyer, akishirikiana na gazeti la Detroit Free Press, aliandaa utafiti wa kuwahoji wakazi weusi wa maeneo yale na kuchambua majibu kwa kompyuta. Ikaonekana waliofika chuo walishiriki kwa kiwango kilekile cha walioacha shule. Maelezo ya mezani yakaanguka. Kompyuta ya enzi hizo ilijaza chumba. Simu iliyo mfukoni mwako inaishinda mbali, nasi tunaitumia kuangalia matokeo ya Simba na Yanga.

Kuna watakaosema: "Si tuna Excel?" Excel ni nzuri, sina ugomvi nayo, na kwa jedwali la mikoa inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba ukibofya hapa na kuburuta pale hakuna kumbukumbu ya ulichofanya. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala iliyosema nchi zenye deni la zaidi ya asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa hasi 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliitaja sana walipotetea kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamili na uzamivu wa miaka ishirini na kitu tu huko Massachusetts, alijaribu kurudia hesabu ile akashindwa kupata jibu lao. Akaomba faili lenyewe la Excel. Fomula ya wastani ilikuwa imeishia mistari mitano kabla ya mwisho, ikaacha nchi tano nje. Pamoja na kasoro nyingine za kuchagua na kupima data, jibu la Herndon na walimu wake likawa chanya 2.2. Rika letu hilo, mdau. Hakuwa na cheo, alikuwa na subira na faili.

Skripti ina faida hiyo: kila hatua imeandikwa. Mhariri anaweza kuisoma. Mpinzani wako anaweza kuiendesha. Ofisi ikipiga simu kulalamika, huna haja ya kubishana kwa sauti, unawapa mistari kumi na jedwali lao wenyewe.

Sasa nije kwenye maandishi, na hapa ndipo watu wa HKL tukae vizuri kwenye viti. Bunge letu huweka Taarifa Rasmi za majadiliano yake, yaani Hansard, na sehemu kubwa ni Kiswahili. Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoka kila mwaka, nyingine zina matoleo ya Kiswahili, na zina mamia ya kurasa. Nani anazisoma zote? Tunasoma muhtasari, tunasubiri mkutano wa waandishi, tunaandika yaliyosemwa pale mezani. Ukiligeuza faili la PDF kuwa maandishi matupu, skripti ya kutafuta neno ni hii:

for mstari in open("hansard.txt"):
    if "maji" in mstari:
        print(mstari)

Basi. Maneno ya Kiingereza humo ni matano tu, mengine ni yako. Maana yake: kwa kila mstari ndani ya faili, kama una "maji", uchapishe. Kwa sekunde chache una mistari yote ya mwaka mzima wa vikao ambamo maji yametajwa. Ongeza mistari michache na utajua ni katika vikao vipi, na ni wabunge wa mikoa ipi wanaolizungumzia na ipi wako kimya.

Lakini subiri. Endesha skripti hiyo utaona maji yametajwa mara nyingi ajabu. Ni kwa sababu "maji" imo ndani ya "majibu", na Bunge lina kipindi kizima cha maswali na majibu. Imo ndani ya "majina", "majirani", "majimbo", "majiji". Dawa yake ni kuukata mstari vipande vya maneno, kuondoa nukta na mkato, kisha kulinganisha neno zima. Ukifanya hivyo, unakutana na shida nyingine: "majini" ya samaki haihesabiwi, na mwandishi aliyeanza sentensi kwa "Maji" yenye herufi kubwa anaachwa nje mpaka uyageuze yote kuwa herufi ndogo.

Vitenzi ndiyo balaa zaidi. Kiingereza kinabandika mambo mwishoni mwa neno, sisi tunabandika mbele, nyuma na katikati. Ukitafuta "lipa" utapata "analipa" na "walilipa", lakini "hawajalipwa", "hatukulipwa" na "wasilipe" vinapita pembeni, na mara nyingi habari yenyewe imo humo kwenye "hawajalipwa". Unatakiwa kutafuta shina, "lip", kisha uchuje "lipuka" na "filipino" zisiingie. Na "ng'ombe" je? Zana nyingi zilizotengenezwa kwa lugha za wengine huona alama ile ya ritifaa kama mwisho wa neno. Zinamchinja ng'ombe wetu katikati, zinabaki na "ng" upande mmoja na "ombe" upande mwingine. Ukihesabu maneno ya hotuba ya bajeti ya mifugo kwa zana hiyo, ng'ombe hayumo!

Nani anayeweza kuyaona hayo? Wa PCM anajua kuandika programu, lakini si lazima ajue ngeli na viambishi. Wewe uliyekesha na sarufi ya Kiswahili unajua. Ile elimu tuliyoambiwa haina soko ndiyo inayokosekana hapa. Programu za akili bandia siku hizi zitakuandikia skripti ukiziomba kwa lugha ya kawaida, na watu wananiambia basi hakuna haja ya kujifunza. Sikubali. Ukiiomba ikuhesabie "maji" ikakupa na "majibu" yote, itakupa jibu kwa ujasiri uleule. Usipoweza kusoma mistari mitatu ile, utalipeleka gazetini. Zitumie, lakini uwe unajua ulichopewa.

Kwa nini nayasema haya kwa uchungu kidogo? Kwa sababu namba si jambo la amani sana kwetu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa, ikawa kosa la jinai kusambaza takwimu zenye nia ya kupinga au kupotosha zile rasmi, na adhabu yake ilikuwa kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi milioni 10, au vyote. Benki ya Dunia na wengine walieleza wasiwasi wao, na mwaka 2019 kosa hilo likaondolewa kwa marekebisho mengine. Mlango ukafunguliwa tena. Sasa niulize: tangu ufunguliwe, sisi tumepita mara ngapi? Haki ya kuhesabu usiyoitumia inafanana sana na haki usiyokuwa nayo.

Majirani zetu Kenya walionyesha mwaka 2022 nini kinatokea namba zikiwekwa wazi. Tume yao ya uchaguzi ilipandisha kwenye tovuti picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 vya kura ya urais, na yeyote duniani aliweza kuzipakua na kujumlisha. Vyombo vya habari vikubwa vilianza kujumlisha kwa mikono. Kila kimoja kikawa na namba yake kwa saa ileile, kwa sababu kila kimoja kilianzia fomu tofauti, na baadaye kasi ikapungua, vingine vikasimama kabla ya kumaliza. Watu wakabaki wanauliza kwa nini kituo hiki kinaonyesha huyu anaongoza na kile yule. Fomu zilikuwa wazi, na kilichokosekana ni mikono ya kutosha yenye ujuzi. Uwazi bila watu wa kuusoma unaleta kelele.

Najua vikwazo. Laptopu ni ghali, bando linaisha, umeme unakatika ukiwa mstari wa nane. Mhariri anataka habari tatu kwa siku na hakuna posho ya kukaa na jedwali. Kuna ofisi zinazotoa takwimu kama picha zilizopigwa upande, mpaka ugeuze shingo, na kompyuta haiwezi kuzisoma bila kazi ya ziada. Hayo yote ni kweli, na hilo la mwisho tunapaswa kulipigia kelele: taarifa iliyolipiwa na kodi itolewe kwa faili linalosomeka. Lakini kulipigia kelele kunahitaji watu wanaoelewa tofauti ya jedwali na picha ya jedwali, na kwa sasa ni wachache mno.

Ukitaka kuanza, usianze na kozi ya miezi sita. Weka Python kwenye kompyuta yako, au ya rafiki, hata ya intaneti kafe. Chukua zile sensa sita hapo juu, uziandike kwa mkono, uchore chati. Wiki inayofuata tafuta Hansard ya kikao kimoja na uhesabu neno moja linalokuhusu. Skripti itagoma, itakuletea maandishi mekundu, utatafuta jibu, itagoma tena. Mtu aliyeimeza historia ya Vita vya Majimaji na miaka yake yote hashindwi na mistari kumi.

Na mtu akikuambia "mimi HKL", mwambie kuna ng'ombe wetu huku amekatwa vipande viwili, anahitajika mtu wa Kiswahili aje amuunganishe.

Naomba kuwasilisha.